Minong'ono Jikoni kwa Bi Eldrid

Wanafunzi wanaosomea usikivu chuoni pale Trondheim huipenda miaka miwili ya mwanzo, kwa kuwa ni miaka ya mashine. Unamkalisha mtu kwenye chumba kisichopitisha sauti, unamchezea milio masikioni, na mwishowe mchoro unatokea kwenye kioo kukuonyesha usikivu wake umebaki kiasi gani. Mchoro haubishani na mtu. Mwaka wa tatu ndipo wanapotolewa kwenye kile chumba na kutumwa majumbani, kufundisha kile ambacho mashine ya sikio haiwezi kumfanyia mtu: namna ya kuishi na masikio mabovu katikati ya watu wenye masikio mazima. Hapo wengi hutamani warudishwe chumbani.

Sunniva alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa binti wa fundi bomba kutoka Levanger, mrefu, mwepesi wa kazi, na alipenda mambo yenye jibu. Mwalimu wao wa utengamao, yaani somo la kumrudisha mtu kwenye maisha ya kila siku, Herborg, hakuwa na majibu mengi ya kumpa. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole, akimtazama mtu usoni muda wote, kwa mazoea ya kuongea na viziwi, mpaka mgeni akadhani anachunguzwa.

Siku moja darasani Herborg aliwaambia kwamba mtu anayesikia nusu ya maneno, nusu iliyobaki huijaza mwenyewe, na akiwa mpweke huijaza kwa mabaya. Watakutana na watu watakaolalamika kwamba wanasengenywa nyumbani mwao. Wasibishane nao, na wasiwaunge mkono. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, je, kama kweli wanasengenywa? Darasa likacheka. Herborg hakucheka. Alisema, basi hapo kazi itakuwa imewapata.

Mwezi wa kumi kila mwanafunzi alipewa mtu wake. Sunniva alipewa Bi Eldrid Vikan, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, mkazi wa kilimani Byåsen, kwenye nyumba ya mbao ya rangi ya njano juu kidogo ya kituo cha tramu. Maisha yake yote ya kazi Bi Eldrid aliyamalizia kwenye kiwanda cha samaki wa makopo, na zile mashine za kufunga makopo ndizo zilizomla masikio. Nyumba alishamuuzia mwanawe Jostein, kwa makubaliano kwamba yeye ataendelea kuishi chumba cha chini. Jostein, fundi umeme, na mkewe Torunn, mwalimu wa chekechea, walilala juu. Jiko lilikuwa moja, la wote, na lilipakana na chumba cha mama.

Bi Eldrid alimpokea Sunniva kwa kumkagua kuanzia soksi hadi nywele.

"Wamekuleta unipime akili?" aliuliza.

"Masikio tu, bibi."

"Ndivyo wanavyoanza."

Mashine zake za masikio zilikuwa kwenye bakuli la sukari, zimezimwa. Alisema zinapiga kelele kama kiwandani, vijiko vinalia, maji yanalia, ila watu ndio hawasikiki. Sunniva alizirekebisha, akamvalisha, wakakaa jikoni. Torunn alikuwa amepika vitumbua bapa vya kuokwa kwenye chuma, vile vyenye umbo la mioyo, akaviandaa kwa jemu na jibini la kahawia. Alimsemesha mama mkwe kwa sauti ya juu yenye mbwembwe, ile ya kuwaimbia watoto wa chekechea. Jostein aliongea akiangalia kikombe. Walikuwa wapole wote wawili, wapole mno, na kila mara Bi Eldrid alipogeuka kuchukua kitu, sauti zao zilishuka.

Walipobaki wawili chumbani, Bi Eldrid alifunga mlango.

"Umewaona? Ukishageuza shingo tu, wanaanza. Wananisema."

Sunniva alikumbuka darasani. Hakubisha, hakuunga mkono. Alisema kwamba watu wengi wenye tatizo kama lake hujisikia hivyo. Bi Eldrid alimtazama kwa muda, kama anayetazama samaki asiye na uhakika kama ni wa leo au wa juzi.

"Sijakuuliza watu wengi," alisema.

Safari ya pili alimwomba kitu. Alimwomba Sunniva aingie jikoni ajifanye anatafuta glasi, asikilize Jostein na Torunn wanasema nini, kisha aje amwambie. Alisema yeye hana masikio, lakini Sunniva anayo, tena mapya, na si ameletwa hapo kumsaidia kusikia? Sunniva alikataa. Alieleza kwa upole kwamba kazi yake ni kumsaidia asikie mwenyewe, si kumsikilizia. Bi Eldrid hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu analoweza kulifanyia kazi.

Masomo yakaendelea. Sunniva aliwafundisha wenye nyumba wamwite mama kwa jina kwanza kabla ya kuanza kuongea, wamwelekee, wasikae na dirisha mgongoni nuru ikaficha midomo yao, na waongee mmoja mmoja. Bi Eldrid naye akafundishwa asiseme tu "Eh?" bali aseme kile alichokipata: nimesikia Alhamisi, sikusikia nini cha Alhamisi. Torunn alijitahidi. Jostein alisahau kila baada ya sentensi moja, na mama yake akawa anampiga kofi dogo mkononi pale mezani ili ainue uso.

Kisha Sunniva alileta maiki. Ilikuwa ndogo kama kiberiti. Unaiweka karibu na anayeongea, na sauti yake inaingia moja kwa moja kwenye mashine za masikio, bila kupotelea njiani kwenye kelele za vyombo. Waliiweka mbele ya Torunn mwisho wa meza. Torunn alisema tu kwamba kahawa iko tayari. Bi Eldrid alishtuka, akamgeukia.

"Kumbe una sauti nzito hivyo."

Torunn alicheka, na kwa mara ya kwanza Sunniva aliona nyumba ile imelegea kidogo.

Tangu hapo Bi Eldrid aligeuka mwanafunzi hodari. Aliuliza maswali kuliko mtu yeyote ambaye Sunniva alishawahi kumwona kliniki. Maiki inakaa na chaji muda gani? Ile taa yake ya kijani lazima iwake? Ikifunikwa na kitu, bado inasikia? Inapita ukutani? Sunniva alijibu yote kwa furaha, na kwa kuwa alipenda kitu kionekane kwa macho, alifanya jaribio. Alienda jikoni na maiki, Bi Eldrid akabaki chumbani, mlango umefungwa kama alivyotaka mwenyewe. Sunniva akasoma gazeti kwa sauti ya kawaida, habari ya barabara iliyoporomoka huko Namdalen. Aliporudi, Bi Eldrid alimrudishia habari nzima, pamoja na jina la diwani aliyelaumiwa. Torunn alikuwa kwenye ngazi wakati huo, akasimama kusikiliza, akapanda juu bila neno.

Sunniva alimsimulia Herborg akiwa amejaa fahari. Herborg alisikiliza hadi mwisho.

"Nani aliyetaka mlango ufungwe?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe."

Herborg aliandika kitu kwenye daftari lake, bila kumpongeza. Sunniva alitoka akiwa amechukia. Alijiambia kwamba kuna walimu wasioweza kuona mwanafunzi anafanikiwa.

Na mafanikio yalionekana. Bi Eldrid sasa alivaa mashine tangu asubuhi. Malalamiko ya kusengenywa yalikoma kabisa, hata Sunniva alipomchokoza kidogo ili ajue. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa vibaya. Bi Eldrid alikuwa amepungua, mashavu yameingia. Vitumbua alivikatakata na kuviacha. Torunn alipopita, Bi Eldrid alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, na hayakuwa macho ya hasira. Sunniva hakujua yalikuwa macho ya nini.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka siku aliyoinama kwenye ukumbi wa kuingilia, akivaa buti, akasikia sauti kutoka jikoni. Mlango ulikuwa wazi upana wa kidole. Jostein alikuwa anasema kwamba Alhamisi mama atakuwa kliniki kwa wanafunzi, na mthamini wa nyumba anakuja saa tano. Torunn akasema mama asijue chochote kabla ya sherehe yake ya kuzaliwa. Jostein akajibu kwamba haoni kama ataweza kunyamaza muda wote huo. Kisha maji yakafunguliwa bombani, Sunniva asisikie tena.

Alishuka kwenda kwenye tramu na buti moja haijafungwa kamba. Mthamini haji nyumbani kwa mtu kunywa kahawa. Wanataka kuiuza nyumba, na mzee amelala ndani yake. Njia nzima alikuwa anapanga mambo: sauti tamu ya Torunn, macho ya Jostein yaliyokuwa kwenye kikombe, upole ule uliozidi, na jinsi walivyomhimiza mama ahudhurie mazoezi ya kikundi kila Alhamisi bila kukosa. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alijisikia mpumbavu kwa kumwambia yule mzee habari za watu wengi.

Kesho yake alimfuata Herborg ofisini. Herborg alimwomba arudie maneno aliyoyasikia, hayo tu, bila nyongeza. Sunniva akarudia. Yalikuwa machache kuliko alivyodhani.

"Na hayo mengine?"

"Yapi?"

"Kwamba wanamfukuza. Kwamba kikundi cha Alhamisi ni njama. Hayo umeyasikia?"

Sunniva akasema kwamba hata hivyo, mthamini ni mthamini. Herborg alikubali. Alisema wazi kwamba hajui kuna nini ndani ya nyumba ile, na kwamba Sunniva si askari wa Bi Eldrid wala si mlinzi wa siri za mwanawe. Asipeleke maneno. Ila kuanzia sasa asimwambie tena yule mama kwamba ni hisia tu, kwa sababu hana hakika. Awafundishe waongee mbele yake. Zaidi ya hapo hawezi.

Alhamisi kikundi kilikutana kliniki, wazee sita na wanafunzi wao, wakifanya zoezi la kufuata mazungumzo huku redio ikilia pembeni. Sunniva alikaa ubavuni kwa Bi Eldrid. Hakuthubutu kumtazama sana. Ilipofika saa tano hivi, Bi Eldrid aliangalia saa ya ukutani.

"Sasa hivi atakuwa ameshaingia," alisema.

"Nani, bibi?"

"Mtu wa posta."

Alilisema bila kupepesa jicho. Sunniva alimgeukia. Akamwangalia vizuri, na hapo ndipo alipoona kwamba maiki haikuwepo. Kawaida Bi Eldrid aliivaa kwa kamba shingoni siku za kikundi. Akamuuliza iko wapi. Bi Eldrid alijibu kwamba ameiacha nyumbani inachaji.

Chaja ya maiki ile ilikuwa na hitilafu, na Sunniva mwenyewe aliichukua juzi yake ili aibadilishe. Ilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya kiti alichokalia.

Sunniva aliuacha mkoba palepale. Alitabasamu, akampa zamu mtu mwingine. Mchana kutwa alikuwa na la kumwambia Herborg, na mara mbili alipita mbele ya mlango wake. Lakini kusema kungekuwa kukiri lile jaribio la gazeti lilikuwa limemfundisha Bi Eldrid nini hasa, na Herborg tayari alikuwa na yale macho yake. Akaenda nyumbani.

Siku iliyofuata ya kwenda Byåsen, Torunn alimfungulia kabla hajagonga. Maiki ilikuwa kwenye kiganja chake.

"Unaijua hii?"

Aliikuta juu ya kabati, nyuma ya mkebe wa kahawa, taa yake imebandikwa plasta ya kidonda. Ile sauti ya chekechea haikuwepo tena. Alitaka kujua imekaa pale tangu lini, nani aliiweka, na nani mwingine anasikiliza. Jostein alitokea nyuma ya mkewe, uso mwekundu.

"Tulidhani unamfundisha mama kusikia. Kumbe unamfundisha upelelezi."

Sunniva alisema hakuiweka yeye. Torunn akamwambia wewe ndiye uliyesoma gazeti hapa jikoni na mlango umefungwa, mimi nilikuwa kwenye ngazi, nilikusikia. Hilo Sunniva hakuweza kulikana. Kisha Torunn akamsogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, sauti iliyotisha zaidi kuliko ile ya kwanza:

"Na wewe? Umesikia nini humu ndani?"

Sunniva alifikiria kusema hakusikia kitu. Akasema alisikia habari ya mthamini, siku moja, wakati anavaa viatu. Torunn na Jostein walitazamana. Hapo Sunniva aliona kitu ambacho hakukitegemea. Alitegemea aibu ya watu waliofumaniwa, kumbe alichoona ni hofu, na kila mmoja alihofia mwenzake atasema nini. Nyuma yao, mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo, na Bi Eldrid alikuwa amesimama hapo na mashine zake masikioni, akisoma midomo ya Sunniva.

Jostein alipiga simu chuoni siku ileile. Alitaka mwanafunzi yule asikanyage tena kwao. Herborg aliomba kitu kimoja tu, wakae wote mezani mara moja, pamoja na mama, kisha waamue watakavyo. Jumatatu mchana yeye na Sunniva walipanda tramu pamoja. Nje kulishaanza kuwa giza, kama ilivyo huko mwezi wa kumi na moja, na taa za tramu ziliwaonyesha nyuso zao wenyewe kwenye vioo.

"Ulijua kabla hawajaikuta?" Herborg aliuliza.

"Nilishuku. Ile Alhamisi."

"Hukuniambia."

"Nilidhani utaniona mjinga."

"Sasa sijui nikuone nani," Herborg alisema, na hawakuongea tena mpaka kituo cha Byåsen.

Jikoni, Herborg aliwasha taa zote. Aliiweka maiki katikati ya meza, akaibandua plasta, akaionyesha ile taa ya kijani kwa kila mmoja. Alisema inafanya kazi, na kwamba kuanzia sasa hakuna atakayesema kitu kwenye meza hii ambacho mwingine hakisikii. Bi Eldrid aliketi mkabala na mwanawe, amevaa sweta yake nzuri. Kahawa ilimiminwa na hakuna aliyeigusa.

Jostein alianza. Alisema jambo hili limewaumiza sana, mtu hawezi kuishi ndani ya nyumba yake akiwa anasikilizwa. Alilisema lote akiangalia mikono yake.

"Inua uso," mama yake alisema. "Kama unanigombeza, nigombeze usoni."

Jostein akainua uso, na maneno yakamwishia. Herborg alisubiri. Sunniva alitaka kusema kitu ili kuujaza ule ukimya, mwalimu akamgusa goti asiseme.

"Mnaachana," Bi Eldrid alisema.

Hakuna aliyekanusha. Torunn aliweka viganja vyake vyote viwili juu ya meza, kama mtu anayehisi meza inasogea.

"Tangu lini umejua, mama?"

"Tangu siku ya kwanza nilipoiweka pale."

"Yaani kabla ya theluji kuanguka."

"Kabla ya theluji."

"Na ukanyamaza wakati wote huo. Unakaa hapa unakula na sisi."

"Nyie mlikuwa mnafanya nini?" Bi Eldrid alimjibu. Kisha sauti yake ikashuka, na kwa mara ya kwanza Sunniva alimwona kweli ni mzee. "Nilidhani mnanisema mimi. Nikakaa pale kitandani nasubiri jina langu. Kila siku nasubiri. Mnaongea habari za gari, habari za deni la benki, nani atachukua lile kabati la kale kutoka Røros. Jina langu halikuja. Miaka yote hii nimehangaika mnanisema nini, kumbe hamkuwa mnanisema kabisa."

Jostein alifunika uso kwa mikono. Akaeleza kutoka nyuma ya vidole, akakumbuka, akaishusha mikono na kueleza tena. Kwamba hakuna aliyemkosea mwenzake, wamechoka tu. Kwamba hana uwezo wa kumlipa Torunn nusu yake, kwa hiyo nyumba itabidi iuzwe, na ndiyo maana mthamini alikuja. Kwamba walitaka kwanza mama afanyiwe sherehe yake ya miaka themanini kwa amani, halafu wamwambie.

"Yaani nikae hapo na keki mdomoni, watu wote wanajua isipokuwa mimi."

"Hakuna anayejua, mama."

"Dada yako anajua. Ulimpigia umesimama hapo kwenye friji."

Herborg alikohoa kidogo kuficha kicheko. Lakini Torunn hakuona cha kuchekesha. Aliuliza, kwa utulivu, na yale mengine je? Maana jikoni hapa walizungumza mambo ya mume na mke, mambo ambayo hata ndugu yake wa damu hajapata kuyasikia. Mama aliyasikiliza na hayo?

Bi Eldrid alishika shingo ya sweta yake. Ilikuwa wazi kwamba swali hili hakulijiandalia.

"Nimesikia ambayo sikupaswa kuyasikia," alisema. "Ningeweza kuzima. Sikuzima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa nikizima tu, ndipo mtakaponitaja."

Torunn alisimama, akakusanya vikombe vilivyojaa, akaenda kuvimwaga na kuviosha. Alisema kitu akiwa amewapa mgongo. Kwa mafunzo yao, Sunniva alipaswa kumkumbusha kwamba mama hamsikii mtu aliyempa mgongo. Alimtazama mwalimu wake. Herborg alitikisa kichwa kumkataza, na wakamwacha Torunn aseme alichosema kwa lile sinki.

Sunniva hakuondolewa. Bi Eldrid ndiye aliyekataa, akisema kama mtoto ataadhibiwa basi na bibi aadhibiwe. Lakini kwa muda wote uliobaki Torunn alikuwa akitoka katika kila chumba ambacho Sunniva aliingia, na kama hana pa kutokea, alinyamaza. Herborg naye hakumpongeza wala kumgombeza. Alibadilisha mafunzo: tangu mwaka ule, mwanafunzi akipeleka maiki nyumbani kwa mtu, wote wanaoishi humo hukaa pamoja siku hiyo, huonyeshwa inasikia mpaka wapi, na hukubaliana itawekwa wapi ikiwa haitumiki. Somo hilo alimpa Sunniva awafundishe wenzake. Alilifundisha neno kwa neno, na yule mvulana wa nyuma hakuuliza kitu.

Torunn alihama mwezi wa kwanza. Nyumba ya njano iliuzwa majira ya machipuko, na Bi Eldrid akapata nyumba ndogo kwenye jengo la wazee kule mtaa wa Ila, karibu na mto, ambako baada ya wiki moja alianza kudai kwamba majirani wa ghorofa ya juu wanamzungumzia. Jostein alikwenda kuwauliza. Walikuwa hawamjui.

Lakini kabla ya yote hayo sherehe ilifanyika, kwa sababu keki ilishaagizwa na mama hakutaka iahirishwe. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mishumaa madirishani. Watu walikuja hata kutoka mbali kule Ørland. Wote walishaambiwa, kwa amri ya Bi Eldrid mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alikuwa na tahadhari na kila mtu aliongea kwa sauti ya chini, jambo lililomchosha sana. Ulipoanza wimbo wa siku ya kuzaliwa alizivua mashine, akaziweka kwenye mfuko wa sweta, akatabasamu huku wakiimba.

Sunniva alikuwa amealikwa. Alijikuta amekaa karibu na Torunn, ambaye hakupata kiti kingine. Walikula keki. Kisha Torunn aliinamisha kichwa kuelekea kwake, akamwambia kitu sikioni.

Ng'ambo ya meza Bi Eldrid aliacha kutabasamu. Aliingiza mkono mfukoni, akavaa mashine ya kulia, akavaa ya kushoto, macho hayajaondoka kwenye midomo yao.

Sunniva aliweka uma chini. Akamwita kwa jina kwanza, akamwelekea, akahakikisha nuru ya mshumaa iko usoni mwake.

"Bi Eldrid. Torunn anaomba krimu."

Bi Eldrid alimtazama Sunniva, akamtazama Torunn, akamrudia Sunniva.

"Ndivyo unavyosema wewe," alisema, akalisukuma bakuli la krimu hadi katikati ya meza.